Kila nikipima naambiwa malaria, taifodi na UTI. Kweli ninazo zote?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Morogoro. Tangu Januari nimeumwa homa mara nne. Kila nikienda kupima majibu ni yale yale: malaria wadudu wawili, taifodi 1/160, na mkojo mchafu. Nimeshameza dawa mseto ya malaria mara tatu, antibaiotiki ya sipro mara mbili, na mwezi uliopita nilichomwa sindano siku tano. Nikitumia dawa napata nafuu, halafu baada ya wiki mbili au tatu homa inarudi, zaidi jioni. Usiku natoka jasho hadi shuka linalowa, na kiuno na magoti vinauma. Ilianza tuliporudi kutoka ukweni Mvomero, kwa wafugaji, nikadhani ni mbu wa kule. Watu wananiambia hii ni taifodi sugu. Halafu mwanangu wa miaka mitatu ana joto tangu jana usiku, na mafua. Zahanati wamempima, malaria hana, lakini dukani nimeuziwa dawa mseto ya watoto nimpe kwa tahadhari. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na mtoto, kwa sababu wewe unaweza kusubiri siku mbili tatu na yeye huenda asiweze. Nilikujibu kwa ujumbe siku ile ile, ila narudia hapa kwa ajili ya wazazi wengine walioshika pakiti mkononi wakijiuliza kama wewe.

Usimpe. Kipimo cha haraka cha malaria kikifanywa vizuri ni nadra kumkosa mtoto ambaye malaria ndiyo inayomuumiza. Akipimwa leo hana, chukulia hana. Joto likiendelea baada ya siku moja au mbili, mrudishe apimwe tena, maana ugonjwa ukiwa ndiyo kwanza unaanza vijidudu huwa vichache na vinaweza visionekane. Tahadhari ndiyo hiyo. Dawa mseto ya kubahatisha ina ubaya mmoja ambao hauandikwi kwenye pakiti: inakulaza usingizi wewe mzazi. Unajiona umeshamtibu, unaacha kumwangalia, kumbe kifua chake kinaanza nimonia.

Unajua homa za watoto wetu zinatokana na nini hasa? Mwaka 2008 watafiti waliwachukua watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kliniki na homa, wengine Dar es Salaam na wengine Ifakara, huko huko mkoani kwako, wakawapima kwa kila njia iliyokuwepo. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, asilimia 5.9. Taifodi asilimia 3.7. Watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, mafua na kikohozi vikiongoza. Na mwanao ana mafua.

Kwa hiyo mpunguzie nguo, usimfunike blanketi kwa kudhani jasho ndilo litakalotoa homa. Mpe maji, uji, chochote anachokubali. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 14, kwa mfano, anahitaji miligramu 140 hadi 210. Chupa nyingi za dawa ya maji zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini soma ya kwako, zipo zenye nguvu zaidi.

Halafu mhesabu pumzi. Subiri atulie au alale, funua kifua, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika pumzi 40 au zaidi kwa dakika anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Wa miezi miwili hadi kumi na moja kiwango ni 50, na mchanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Tazama pia chini ya mbavu: kama nyama inazama ndani kila anapovuta hewa, huna cha kusubiri. Kipimo hiki hakina gharama na ni wazazi wachache sana waliowahi kufundishwa.

Mengine ya kukufanya uondoke nyumbani usiku huo huo: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, shingo imekakamaa, viganja vimekuwa vyeupe, au amepata degedege. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na joto la 37.5 au zaidi, hiyo peke yake inatosha. Na mwenye selimundu (sikoseli), mkubwa au mdogo, homa yoyote ni safari ya hospitali.

Degedege nililiona sana nilipokuwa hospitali ya wilaya. Mtoto analetwa asubuhi, ngozi inanuka moshi, na bibi anaeleza kwa utulivu kabisa kuwa walimfukiza kwa kinyesi cha tembo tangu saa nane za usiku. Simlaumu bibi, alifanya alichofundishwa na mama yake. Lakini zile saa nne ndizo tulizozihitaji. Degedege ni dalili, na nyuma yake kunaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, au joto tu lililopanda ghafla. Huwezi kujua ni lipi ukiwa nyumbani. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu kingine mdomoni, mpeleke.

Sasa wewe.

Umeniletea karatasi tatu zenye majibu matatu, na unataka nikuambie kama una magonjwa matatu. Nionavyo, inawezekana kabisa huna hata moja kati ya hayo, na kuna la nne ambalo hakuna aliyelitafuta.

Tuanze na hiyo "malaria wadudu wawili". Mtaalamu wa maabara anapotazama damu kwa darubini huhesabu vijidudu huku akihesabu chembe nyeupe za damu, na akifika chembe nyeupe 200 anaandika ameona vijidudu vingapi. Viwili kwa 200, ukizidisha kwa 40, ni kama vijidudu 80 katika mikrolita moja ya damu. Ni vichache. Mitaani tumeigeuza hesabu hii kuwa vyeo, hadi mwenye malaria mbili anampa pole mwenye malaria tano. Hatari haipimwi hivyo. Aina inayotawala huku kwetu, falsiparum, hujibanza kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo, kwa hiyo damu ya kidole inaweza kuonyesha vichache wakati vingine vingi vimejificha ndani. Na kinyume chake ni kweli vilevile: mtu mzima aliyekulia penye malaria anaweza kutembea na vijidudu vichache bila kuumwa. Siku akipata homa ya kitu kingine, malaria ndiyo inayobebeshwa lawama.

Ila kinachonitia shaka zaidi ni kwamba walikuwa wawili kila mara. Mara nne, miezi tofauti, wawili tu? Vijidudu havina nidhamu kiasi hicho. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo "wadudu wawili" lilikuwa jibu la heshima: halimuudhi mgonjwa aliyelipia kipimo akitaka kusikia ana kitu, wala halimpingi daktari ambaye dawa alishaiandika. Sisemi maabara yako inafanya hivyo. Nasema homa ikirudi, kapime kwingine, na uombe vyote viwili, kipimo cha haraka na darubini.

Kwa wanaopimwa kwa kile kibao cha plastiki peke yake, yaani kipimo cha haraka, kuna mtego wake. Kibao hakitafuti kijidudu chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kijidudu huiacha kwenye damu. Protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya kupona. Ukimeza dawa mseto tarehe 1 na ukapimwa kwa kibao tarehe 20 kwa sababu ya mafua, mistari miwili inaweza kutokea, utaambiwa malaria imerudi na utameza dozi nyingine usiyoihitaji. Aliyetibiwa malaria mwezi huu apimwe kwa darubini.

Na kama kweli ilikuwa malaria, uliimeza dawa ipasavyo? Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne mara moja, vinne tena baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe na kitu chenye mafuta, chai ya maziwa au mboga iliyoungwa nazi, kwani sehemu moja ya dawa ile haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Wengi huishia siku ya pili wakijisikia nafuu na vidonge vilivyobaki vinamngoja jirani. Malaria iliyothibitishwa ikirudi ndani ya siku 28 baada ya dozi kamili, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa tarehe, ili afikirie dawa nyingine badala ya kurudia ile ile.

Taifodi 1/160 nitaikalia zaidi. Katika karatasi zako tatu hii ndiyo iliyokugharimu sana.

Kipimo ulichofanyiwa kinaitwa Widal, kwa jina la Fernand Widal, daktari wa Paris aliyekitangaza mwaka 1896. Wakati huo kilikuwa maajabu. Kinachofanyika ni hivi: wanachukua maji ya damu yako, wanayachanganya na bakteria wa taifodi waliouawa, wanaangalia kama watashikamana. Wakishikamana, una kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya bakteria hao. Kisha wanayazimua maji yale mara 20, mara 40, mara 80, mara 160, kuona kushikamana kunafika wapi. Hiyo 1/160 yako maana yake ni kwamba hata baada ya kuzimuliwa mara 160 bado kulikuwa na kingamwili za kutosha.

Kingamwili ni kumbukumbu ya mwili, na kumbukumbu haina tarehe. Kama uliugua taifodi miaka miwili iliyopita, kingamwili zinaweza kuwepo hadi leo. Kama ulichanjwa, huenda zipo. Kama ulipatwa na bakteria wa salmonela wa aina nyingine kutoka kwenye mayai au nyama, wana undugu na wa taifodi na kingamwili zao huingiliana. Hata malaria huweza kufanya kipimo hiki kiseme ndiyo. Katika nchi kama yetu, ukiwapima watu wazima kumi wanaosubiri daladala stendi ya Msamvu, wenye afya zao, usishangae baadhi wakitoka na karatasi kama yako. Ndiyo maana huko nyuma ilielekezwa kipimo hiki kifanywe mara mbili, siku 7 hadi 14 zikipita katikati, na kihesabiwe pale tu namba inapopanda mara nne. Wewe kimefanywa mara nne na namba haijasogea. Kwa msomaji wa vipimo, namba isiyosogea ni dalili ya jambo la zamani.

Hapo ndipo "taifodi sugu" inapozaliwa. Mtu anatibiwa, anarudi kupima aone kama amepona, 1/160 ipo pale pale, anaongezewa sindano. Anaweza kutibiwa hivyo hadi uzeeni. Kurudia Widal ili kuona kama umepona ni kupoteza fedha.

Taifodi yenyewe ipo, na ni ugonjwa mzito. Sitaki mtu anielewe kwamba naidharau. Lakini ina tabia yake. Homa hupanda kama ngazi, kila jioni juu kidogo kuliko jana, ikafika mahali haishuki mchana wala usiku. Kichwa kinauma, tumbo linajaa na kuuma, wengine wanafunga choo na wengine wanaharisha, ulimi una utando mweupe, mtu anakuwa kama amezubaa. Isipotibiwa, wiki ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu utumbo unaweza kutoboka: maumivu makali ya ghafla, tumbo gumu kama ubao. Hiyo ni ya upasuaji, si ya dripu. Taifodi haiji kwa siku tatu ikaondoka wiki tatu ikarudi mara nne. Na kipimo cha kuithibitisha ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue waonekane, na damu hiyo huchukuliwa kabla ya kuanza antibaiotiki. Nacho si kamilifu, hukosa wagonjwa wengi, lakini kikisema ndiyo, ni ndiyo, na kitakuambia hata dawa gani itafanya kazi.

Mkojo mchafu nitaupitia haraka. Mkojo ukikingwa ovyo huokota chembe za ngozi na bakteria wa nje, na kwenye darubini unaonekana mchafu kweli. Kinga ule wa katikati: nawa, ule wa mwanzo uache uende, kisha weka kopo. Lililo muhimu zaidi ni swali rahisi ambalo katika barua yako halina jibu: unapokojoa, inachoma? Unakwenda mara kwa mara na kinachotoka ni kidogo? Kama hapana, sina haraka ya kukuita mgonjwa wa UTI. Mwanamke mwenye maambukizi yaliyopanda hadi kwenye figo huwa na homa kali ya kutetemeka, maumivu ubavuni chini ya mbavu za nyuma, na kutapika, na huyo anahitaji hospitali siku hiyo. Mjamzito hutibiwa hata bila dalili akioteshwa mkojo bakteria wakaonekana. Wengine wote wanaoambiwa UTI sugu waombe mkojo uoteshwe kabla ya kumeza dozi ya tano.

Utaniuliza: mbona nikimeza dawa napona? Homa nyingi za virusi huisha zenyewe siku ya tatu hadi ya tano. Mtu anaumwa leo, anavumilia kesho, keshokutwa anapima na kuanza dawa, siku inayofuata amepoa. Sifa inakwenda kwa kidonge. Kwako wewe, kwa kuwa homa inarudi, kuna uwezekano mwingine, nao ndio unaonifanya niandike kirefu: baadhi ya dawa ulizopewa ziliudhoofisha ugonjwa halisi bila kuumaliza.

Rudi kwenye maneno yako. Ukweni, kwa wafugaji. Homa ya jioni. Jasho la usiku. Kiuno na magoti. Kuja na kuondoka. Uliyataja kwa kupita, ukaweka mkazo kwenye karatasi. Ningekuwa nimekaa nawe ana kwa ana swali langu la kwanza lingekuwa: mlipokuwa Mvomero mlikunywa maziwa mabichi, au mtindi wa maziwa yasiyochemshwa? Kuna ng'ombe au mbuzi aliyezaa au kutupa mimba, na ukasaidia?

Ninachokifikiria ni bruselosi. Wafugaji wanaujua kwa upande wa mifugo kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huingia kupitia maziwa mabichi au majimaji ya uzazi ya mnyama, na hujitokeza wiki kadhaa baadaye kwa namna inayofanana mno na barua yako. Sisemi unao. Nasema hakuna aliyekuuliza. Na si wewe tu. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa 528. Waliokuwa nayo kweli kama chanzo cha homa walikuwa 14. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria wanaotoka kwa wanyama, takriban robo walikuwa nayo: homa ya mkojo wa panya, homa za kupe, bruselosi na mengineyo, na kwa mgonjwa hata mmoja daktari hakuwa ameyaorodhesha alipompokea. Moshi ina malaria kidogo kuliko Morogoro, hilo nalikubali. Lakini niliposoma matokeo yale niliwakumbuka wagonjwa wangu wa miaka ile, na kalamu yangu ilivyokuwa nyepesi kuandika M-A-L.

Bruselosi hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, kwa kawaida wiki sita, doksisaiklini ikiwa mojawapo. Sindano za siku tano haziwezi kuimaliza. Sasa usikimbilie dukani kununua doksi, kwa sababu mbili. Kwanza, kipimo cha haraka cha bruselosi kinachopatikana kwenye maabara ndogo kina kasoro ile ile ya Widal, kinasema ndiyo kirahisi mno. Kikitoka ndiyo, kithibitishwe kwa kipimo kingine kwenye hospitali kubwa. Pili, dawa ya pili inayotumika mara nyingi ni rifampisini, ambayo ni dawa ya kifua kikuu (TB). Na kifua kikuu chenyewe kinaleta homa ya jioni, jasho la usiku, na kikiingia kwenye uti wa mgongo, maumivu ya kiuno. Ukipewa rifampisini na dawa isiyo ya TB wakati una TB, utapata nafuu ya muda na kuwafundisha bakteria usugu. Kwa hiyo ihakikishwe kwanza kwamba huna TB.

Niliwahi kumtibu malaria fundi ujenzi mmoja mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara karatasi ikiwa na jibu. Mara ya nne alikuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyesema mkanda wa mume wake umeongezwa matundu mawili. Sikuwa nimempima uzito hata siku moja. Ilikuwa TB. Tangu hapo mzani uko mlangoni kwangu, na mgonjwa wa homa inayorudi hapiti bila kuukanyaga.

Wiki hii, basi, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa, si maabara ya mtaani. Kabla ya kwenda andika kwenye karatasi tarehe za homa zote nne, dawa gani ulimeza na kwa siku ngapi. Waambie habari ya wafugaji, maziwa, jasho na uzito bila kusubiri kuulizwa. Omba wafikirie picha kamili ya damu, kipimo cha VVU, makohozi na picha ya kifua kwa ajili ya TB, kuotesha damu wakati homa ipo na ukiwa hujameza antibaiotiki kwa siku kadhaa, na bruselosi. Kama nyumba mliyolala kule ilikuwa ya udongo yenye papasi, wale wadudu jamii ya kupe, taja pia, maana homa ya papasi huja na kuondoka vilevile na huonekana kwenye darubini ile ile ya malaria, damu ikichukuliwa siku ya joto. Mume wako na yeyote mliyekula naye kule, kama naye anaumwa, aende.

Kwa watu wazima wengine wanaosoma hapa: homa yenye dalili za mafua ya kawaida, unakula, unatembea, unaweza kuangalia kwa siku mbili. Lakini tunapoishi, homa bila sababu inayoonekana ipimwe malaria ndani ya saa 24, kwa kuwa falsiparum inaweza kugeuka malaria kali haraka hivyo. Usingoje asubuhi kama mgonjwa anachanganyikiwa, hawezi kukaa au kusimama, macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola au umekatika, anapumua kwa shida, au shingo haikunji. Mjamzito mwenye homa aende siku hiyo hiyo.

Wa Dar es Salaam na pwani waongeze moja. Mji huo umepata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019. Kidingapopo, kama Waswahili walivyouita ugonjwa huo zamani, huenezwa na mbu anayeuma mchana na kuzaliana kwenye matairi na vyungu vya maua. Ndugu yake chikungunya jina lake ni la Kimakonde, kwa maana ya kukunjamana kwa maumivu, na dunia ilianza kuijua kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanzania. Homa ya ghafla, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimepigwa. Hadi ithibitike kwamba si dengue, tumia parasetamoli tu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Na siku ya kuogopa ni ile joto linaposhuka: tumbo likianza kuuma sana, kutapika kukizidi, au fizi zikitoka damu, rudi hospitali hata kama mwili umepoa.

Ile pakiti ya dawa mseto ya mtoto usiiweke kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Na mkienda tena ukweni, maziwa yachemshwe hadi yatokote, hata mtindi utengenezwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Najua mama mkwe anaweza kuona unamdharau. Mwambie ni agizo la daktari, mimi nitabeba lawama. Majibu ya vipimo yakitoka niandikie, hasa uzito wako wa leo na ule wa Januari kama unaukumbuka.